Baraza la mbele lisilopasuka wala kuvuja: jinsi ya kuliongeza kwenye nyumba ya Kigoma

Nyumba nyingi za Ujiji, Gungu na Mwanga zilijengwa kwanza, baraza likafuata miaka kadhaa baadaye pesa ilipopatikana. Ndiyo maana kasoro zake zinafanana mtaa hadi mtaa: ufa mrefu kati ya sakafu ya baraza na ukuta wa nyumba, lipu inayobanduka ukutani kuanzia chini hadi usawa wa goti, na paa linalovuja palepale juu ya mlango. Zote tatu hutokea pale kipya kinapokutana na cha zamani, na nyuma ya karibu zote kuna maji. Kwa hiyo katika kazi hii yote, kiungo na njia ya maji ndivyo vya kusimamia kwa macho yako mwenyewe. Mengine fundi mzuri atayamaliza hata usipokuwepo.

Vipimo vya hapa ni vya baraza la urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.8, mbele ya nyumba isiyo ya ghorofa yenye ukuta wa matofali ya kuchoma au ya saruji. Upana wa mita 1.2 unatosha viti tu, anayepita lazima aruke miguu ya waliokaa. Mita 1.8 inatosha mkeka, viti na njia. Ukizidi mita 2.4 paa linashuka mno upande wa mbele na mbao zinahitaji kuwa nene zaidi, gharama inapanda haraka.

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza

Baraza lenye paa ni ujenzi. Anzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha ofisi za Manispaa ya Kigoma Ujiji uulizie kibali. Kama nyumba iko kando ya barabara, ulizia pia hifadhi ya barabara inaishia wapi, maana alama nyekundu ya X haibagui sebule na ngazi ya baraza. Walio karibu na maji, kama Kibirizi au Katonga, wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Mvua za Kigoma huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Chimba msingi Juni, mwaga zege Julai, paua kabla Agosti haijaisha. Anayeanza Septemba hujikuta anamwaga sakafu mawingu yakiwa yameshafunga upande wa Kongo, na kifusi kilicholowa kabla ya kushindiliwa vizuri hakitulii tena.

Kagua mchanga kabla hujalipa gari. Mchanga wa mtoni, kama ule wa Luiche, huja na tope. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, weka mchanga wa kimo cha sentimita 12, jaza maji, tia kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu na uache hadi kesho yake. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka la rangi nyingine. Likizidi sentimita 1, mchanga uoshwe au urudishwe. Mchanga laini sana wa ufukweni nao haufai kwa zege peke yake: unakunywa maji mengi, na zege lenye maji mengi hupasuka likikauka.

Jua la jioni

Kigoma iko magharibi mwa nchi lakini saa yake ni ile ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua huku linachelewa kuzama kwa takriban dakika 40 kuliko Dar, na jioni ndefu hiyo ndiyo hasa watu hukaa barazani. Nyumba inayotazama ziwa inatazama magharibi. Saa 11 jioni jua liko kama nyuzi 25 hadi 30 tu juu ya upeo wa macho. Paa ambalo ukingo wake uko mita 2.2 kutoka ukutani na mita 2.25 juu ya sakafu litaacha jua lipige ukuta hadi kama mita 1 kutoka chini. Aliyekaa kwenye kiti analipata lote. Saa 12 linafika mita 1.6.

Kuongeza upana wa paa hakutibu hilo. Dawa yake ni kitu cha kusimama wima: pazia la mianzi au matete linaloviringishwa, lililofungwa kwenye boriti ya mbele na kushuka hadi mita 1 kutoka sakafuni ili upepo wa ziwa uendelee kupita chini yake. Mpasheni kwenye waya pia unafaa, lakini waya uwe mbali na gata (mfereji wa ukingoni unaopokea maji ya paa) angalau sentimita 40, la sivyo majani yatalijaza. Kama nyumba yako inatazama kaskazini au kusini, jua la mchana liko juu sana na paa la kawaida linatosha.

Amua usawa wa sakafu kwanza

Hapa ndipo kosa ghali zaidi hufanyika, na hufanyika kabla ya jembe la kwanza.

Tafuta nyumba yako ilizuiwaje unyevu usipande. Zilizojengwa kwa utaratibu zina tabaka la nailoni nzito au lami kati ya msingi na ukuta, mara nyingi usawa wa sakafu ya ndani au chini yake kidogo. Sakafu ya baraza ikipandishwa juu ya tabaka hilo, unyevu wa kifusi unapata njia ya pembeni: unaingia ukutani juu ya kizuizi, unapanda, na baada ya msimu mmoja lipu inatoa unga mweupe wa chumvi na kubanduka. Watu hupaka rangi upya kila mwaka bila kujua ugonjwa uko nje ya mlango.

Sakafu ya baraza iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 10 hadi 15, mahali inapogusa nyumba. Sentimita 15 ni bora kama mvua hupiga upande huo. Kisha ishuke kuelekea nje kwa sentimita 1.5 kwa kila mita. Kwa upana wa mita 1.8 ni tofauti ya karibu sentimita 2.7 kutoka ukutani hadi ukingoni. Macho hayaoni mteremko huo ukiwa umekaa, ila maji yanauona. Ukingo wa nje nao uwe juu ya ardhi kwa angalau sentimita 30, ili matone yanayoruka kutoka chini yasilowanishe sakafu, na ili uweze kuona njia za udongo za mchwa wakianza kupanda.

Pima kwa mpira wa maji, yaani bomba jembamba la plastiki linaloonyesha maji pande zote mbili. Pimamaji ya fundi ya sentimita 60 haitoshi kwa urefu wa mita 6. Weka alama ya penseli ukutani kila mita, upande wa nyumba na kwenye vigingi vya mbele, na usiruhusu zifutwe hadi sakafu iishe.

Msingi na kuta za chini

Mfereji wa msingi unapita pande tatu: mita 6 mbele na mita 1.8 kila ubavu, jumla mita 9.6. Upana sentimita 45, kina sentimita 60 au hadi ufikie udongo mgumu. Pale mbavu zinapokutana na msingi wa nyumba, usichimbe chini zaidi ya kitako cha msingi wa zamani. Ukifanya hivyo unauondolea egemeo.

Mahali pa kila nguzo, panua mfereji uwe sentimita 60 kwa 60 na uzidi kina kwa sentimita 10. Nguzo ziwe nne, kila moja mita 2 kutoka kwa mwenzake, katikati hadi katikati. Funga nondo za nguzo kabla ya kumwaga zege la chini: nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, na miguu ya nondo ikunjwe nje sentimita 25. Ziinue kutoka ardhini kwa vijitofali vya saruji vya sentimita 5. Nondo iliyolazwa juu ya udongo huliwa na kutu, na kutu ikivimba inapasua nguzo kutoka ndani.

Zege la kitako ni mfuko 1 wa saruji, mchanga sehemu 3, kokoto sehemu 6, unene wa sentimita 15. Kwenye vitako vya nguzo tumia 1:2:4, unene sentimita 20. Ili kipimo kisiwe cha kukisia, mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, mfuko mmoja unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa juu. Maji ni lita 25 hadi 27, na chini ya hapo kama mchanga una unyevu. Vipimo vya chepeo havifai: chepeo la mchanga mkavu na la mchanga mbichi havilingani hata siku moja.

Juu ya kitako jenga mawe. Mawe hayana shida Kigoma na hayanywi maji kama tofali la kuchoma, ambalo likifukiwa kwenye unyevu huanza kumong'onyoka. Ukuta wa mawe uwe na upana wa sentimita 40, mota ya 1:5, yaani saruji moja kwa mchanga tano.

Kwenye miteremko ya Mwanga, upande wa mbele unaweza kuwa chini ya ule wa nyuma kwa mita nzima. Hapo ukuta wa mbele haubebi baraza tu, unazuia kifusi kisiporomoke. Acha matundu ya bomba la inchi 2 kila mita 1.5, sentimita 15 juu ya ardhi, na nyuma ya kila tundu weka debe zima la kokoto ili udongo usilizibe. Bila matundu, maji ya mvua hujaa nyuma ya ukuta na kuusukuma. Utaona tumbo likitokea katikati kabla haujaanguka. Ukuta ukizidi mita 1.2, mwite mhandisi achore.

Kifusi na zege

Toa udongo mweusi wote, mizizi, na mabaki ya mbao. Mbao zilizofukiwa chini ya baraza ni karamu ya mchwa, na wakimaliza wanahamia kwenye fremu ya mlango. Jaza moramu, yaani udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa hadi kisigino kisiache alama. Kwa baraza hili utahitaji kama mita za ujazo 3 za moramu kabla ya kushindiliwa. Fundi atakayekwambia mvua italishindilia lenyewe anasema kweli, ila litashuka wakati sakafu yako tayari iko juu. Kabla ya kutandika nailoni ya kuzuia unyevu chini ya zege, nyunyiza dawa ya mchwa iliyosajiliwa, kwa kipimo cha kwenye kopo, na hasa kwenye mstari unaogusa ukuta wa nyumba. Vaa glavu, na weka watoto na kuku mbali siku hiyo.

Sasa kiungo. Nyumba yako ilishamaliza kukaa, baraza bado. Litashuka milimita kadhaa katika misimu miwili ya kwanza, na hakuna nondo ya kulizuia. Ukilifunga na ukuta wa zamani, kitu kimoja lazima kikatike, na kwa kawaida ni ukuta wa tofali za kuchoma. Kwa hiyo litenganishwe: simamisha ubao laini au fomu nyeupe (ile ya kufungashia vifaa kwenye maboksi) ya sentimita 1.2 kwenye ukuta wote kabla ya kumwaga. Zege likishakauka, toa ubao huo kwa kina cha sentimita 2 juu na ujaze lami ya moto au silikoni ya nje. Ukiona fundi anaziba mwanya huo kwa mota ili upendeze, msimamishe. Huo ndio ule ufa mrefu, ameshauandaa.

Zege la sakafu ni 1:2:4, unene sentimita 10, yaani mifuko 7. Mwaga katika vipande vitatu vya mita 2, mstari wa kugawa ukiwa sambamba na nguzo. Zege hupungua likikauka, na lisipopewa mistari ya kupasukia litachagua yake. Kifusi kikizidi sentimita 60, weka wavu wa chuma juu ya nusu ya unene wa zege. Wavu uliolala chini kabisa haufanyi kazi yoyote.

Juu yake tabaka la 1:3, unene sentimita 2.5 hadi 3, mifuko 3. Niru, yaani uji wa saruji wa kumalizia uso, ipigwe siku hiyo hiyo, tabaka likiwa linakubali alama ya kidole lakini halishiki mkono. Nusu mfuko unatosha. Niru inayopigwa kesho yake juu ya tabaka lililokauka hubanduka kama maganda. Na usiipige ing'ae. Sakafu ya kioo inapendeza sebuleni, lakini barazani mvua inapofika ni mteremko wa kuvunjia watu viuno. Malizia kwa sifongo au ufagio laini, mistari ikielekea nje. Ukipenda vigae, chukua vyenye uso wa kukwaruza.

Kisha maji, siku 7. Kiangazi cha Kigoma ni kikavu na kina upepo, zege linaweza kukauka juu kabla ya saruji kufanya kazi yake, na matokeo yake ni sakafu inayotoa vumbi kila ukifagia. Funika kwa magunia, yalowe asubuhi, mchana na jioni. Baada ya mwezi, gonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo: pale panapolia utupu, tabaka halikushika, parudiwe kabla ya kulipa kilichobaki.

Nguzo na boriti

Nguzo za zege za sentimita 23 kwa 23 ndizo zinazodumu bila matunzo. Jumla ya saruji kwa nguzo na vitako vyake ni mifuko 5. Kwenye kichwa cha kila nguzo, zege likiwa bichi, zamisha bolti mbili za milimita 12 kwa kina cha sentimita 25, zikibaki nje sentimita 18. Boriti ya mbele, yaani mbao mbili za 2×6 zilizopigiliwa pamoja, itatobolewa na kukaa juu ya bolti hizo kwa nati na washa pana. Wengi huacha nondo ikitokeza na kuikunjia mbao juu. Upepo wa dhoruba kutoka ziwani huingia chini ya paa la baraza na kulisukuma juu, na nondo iliyokunjwa hukunjuka. Tena bonde hili ni la matetemeko: lile la Desemba 5, 2005 chini ya Ziwa Tanganyika lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Paa lililofungwa kwa bolti hutikisika na nguzo zake. Lililoegeshwa juu tu hushuka.

Ukitaka nguzo za mbao, mninga na mkurungu ndizo zinazostahimili mchwa, na uzinunue kwa muuzaji mwenye risiti. Mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani unafuata. Paini isiyotiwa dawa na gogo la mchikichi visikushawishi kwa bei. Mchikichi una moyo laini unaooza haraka ukilowa. Oili chafu inapaka juu tu, haiingii ndani ya mbao, na inachafua nguo za kila anayeegemea. La muhimu zaidi ni mguu: nguzo ya mbao isizikwe kwenye zege. Ikae kwenye kiatu cha chuma kinachoiinua sentimita 5, hewa ipite chini. Ikizikwa, maji hushuka kando ya mbao, hukaa shimoni, na nguzo huoza hasa pale usipopaona.

Kupaua na kiungo cha juu

Kama ukingo wa paa la nyumba uko juu vya kutosha, njia rahisi ni kufunga boriti ya ukutani chini yake. Boriti ya 2×6 iwe na sehemu yake ya juu mita 2.55 kutoka sakafu ya ndani. Ifunge kwa bolti za milimita 12 kila sentimita 60. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma toboa hadi ndani na uweke washa ya sentimita 8 upande wa pili. Bolti za kupanuka hupasua tofali la kuchoma, na siku ya upepo boriti hung'oka na vipande vyake.

Mteremko usipungue sentimita 18 kwa kila mita. Kutoka ukutani hadi boriti ya mbele unashuka sentimita 32, kisha paa linatokeza sentimita 40 zaidi, na ukingo unaishia kama mita 2.25 juu ya sakafu ya baraza. Mrefu anapita bila kuinama. Mbao za kubeba ni 2×4 kila sentimita 90, juu yake papi (mbao za kupigilia mabati) za 2×3 kila sentimita 75, na kila makutano na boriti yafungwe kwa mkanda wa chuma pande zote mbili.

Kwa upana wa mita 6.6 utahitaji mabati 10 yenye upana unaofunika sentimita 70, urefu wa mita 2.4. Chukua geji 28. Geji 32 ni nafuu dukani, lakini fundi atakayepanda kusafisha gata atalikunja kwa goti. Misumari ipigwe mgongoni mwa wimbi, ikiwa na raba zake, na isikazwe hadi raba ipasuke. Msumari uliopigwa bondeni mwa wimbi ni tundu katikati ya njia ya maji.

Kuvuja juu ya mlango kunatokana na bati la kuziba kiungo. Kata bati bapa la upana wa sentimita 35: sentimita 15 zilale juu ya mabati ya baraza, sentimita 17 zisimame ukutani, na sentimita 2 hadi 3 za mwisho zikunjwe kuingia ndani ya ukuta. Mfereji huo wa ukutani ukatwe kwa grenda, kina cha sentimita 3, halafu uzibwe kwa mota ya 1:3. Njia ya mkato, ambayo utaiona kila mahali, ni kuegemeza bati ukutani na kulipiga lipu juu. Bati hupanuka kwa jua na kusinyaa usiku, lipu inaachia ndani ya miezi michache, na maji yanayoteremka ukutani yanaingia nyuma yake.

Maji yanakwenda wapi

Paa hili lina karibu mita za mraba 15. Mvua ya milimita 30 ndani ya saa moja, ambayo si ajabu Machi, inamwaga lita 450 ukingoni. Kama na paa la nyumba linateremkia upande huo, hesabu inapanda mara tatu au nne. Bila gata, maji hayo yote huchimba mstari mmoja mbele ya msingi wako. Kwenye udongo wa miteremko ya mji, misimu miwili inatosha kuweka mawe ya kitako nje.

Gata lishuke sentimita 1 kwa kila mita 2, na vishikio viwe kila sentimita 60. Ukielekeza bomba kwenye tangi, kwa mvua ya karibu milimita 1000 kwa mwaka unavuna kama lita 12,000 kutoka paa la baraza peke yake. Maji ya kwanza ya Oktoba yaache yapite, yanaosha vumbi la kiangazi. Kama huna pesa ya gata mwaka huu, jenga mfereji wa saruji wa upana wa sentimita 30 hasa chini ya mstari wa matone, uteremke kuelekea pembeni ya nyumba, usiishie kwa jirani.

Kiti cha kujengea, ngazi na kizuizi

Kiti cha kukalia kilichojengwa ubavuni kiwe na kimo cha sentimita 42 hadi 45 na kina cha sentimita 45. Kijenge juu ya ukuta wa msingi, kisiegemee ukuta wa nyumba, na uso wake uteremke kidogo kwa mbele. Ngazi ziwe na kimo sawa kila moja, sentimita 15 hadi 17, na kanyagio la sentimita 30. Ngazi moja ikizidi hata sentimita 2 ndiyo itakayowaangusha wazee. Baraza likizidi sentimita 60 kutoka ardhini, weka kizuizi cha mita 1.1, nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 10, na usiweke vyuma vya kulala ambavyo mtoto atavipanda.

Wenye ghorofa wanaotaka roshani isiyo na nguzo wajue jambo moja tu kabla ya kumtafuta mhandisi: nondo kuu za roshani hukaa juu ya zege, si chini kama kwenye sakafu ya kawaida, kwa sababu uzito unaivuta sehemu ya juu ifunguke. Siku ya kumwaga, wabeba karai wakizikanyaga zikashuka, roshani inaonekana nzima hadi siku inapojaa watu. Wawekewe mbao za kupitia. Mirunda inayoegemeza zege isitolewe kabla ya siku 28. Na roshani isijengewe kuta za matofali baadaye ili iwe chumba.

Ukaguzi wa Septemba

Mwezi mmoja kabla ya mvua, panda na ngazi. Kaza au badilisha misumari ambayo raba zake zimekauka, toa majani kwenye gata, na mwaga ndoo ya maji juu ya bati la kiungo huku mtu akiangalia chini. Vunja njia zozote za udongo za mchwa kwenye msingi na urudie dawa hapo. Bonyeza lami ya kiungo cha sakafu kwa kidole. Ikiwa ngumu na imeachia, ing'oe ujaze mpya.

Ufa wa chini ya milimita 2 kwenye sakafu, uzibe kwa uji wa saruji na uendelee na mambo yako. Ufa mpana zaidi, kwanza uulize kama unatembea: chora mstari wa penseli kwenye kila ncha yake, andika tarehe pembeni, na bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji. Kioo kikikaa kizima hadi mvua ziishe Mei, kifusi kimetulia na unaweza kuziba. Kikikatika, usizibe chochote; chimba pembeni ya msingi uangalie maji yanaingilia wapi.